Fortran kwa Wanafunzi wa Hali ya Hewa (3): Mabaki Ndani ya Maandishi

Wiki iliyopita tulifungua faili la mvua. Leo tushughulikie kosa linalowatesa wengi: programu inasoma data vizuri asubuhi, jioni inaikataa data ile ile.

Kwa mwanafunzi wa Kampala suala hili si la vitabuni. WRF, modeli ya hali ya hewa inayotumiwa na watafiti wengi wa Afrika Mashariki, imeandikwa kwa sehemu kubwa kwa Fortran. Anayetaka kuielewa mvua ya Ziwa Victoria atakutana na lugha hii.

Fortran ilipotolewa na IBM mwaka 1957 ilikusudiwa hesabu. Aina ya CHARACTER iliingia rasmi na Fortran 77. Ukitangaza CHARACTER(LEN=12) :: mstari, umetengewa nafasi 12 za kumbukumbu, basi. Hakuna aliyezisafisha. Ukiandika mstari = 'Entebbe', nafasi tano zilizobaki hujazwa tupu. Lakini mstari(1:2) = '23' hugusa herufi mbili tu; kumi zilizosalia ni mabaki ya kazi nyingine.

Sasa READ(mstari,*) mvua inafika. Mabaki yakiwa alama za ajabu, programu itagoma na kulalamikia namba mbovu. Afadhali hivyo! Yakianza na tarakimu 4 ikifuatwa na nafasi tupu, milimita 23 zitasomwa kuwa 234, kimya kimya, na wastani wa mwezi mzima utaharibika.

Wengi huhangaika na mstari wa READ kwa kuwa ndipo programu ilipokwama. Mkosaji yuko juu yake. Kabla ya kusoma, chapisha PRINT *, '[', mstari, ']' uone kilichomo hadi ukingoni. Kisha tumia gfortran pamoja na -finit-character=35: vigeu vya maandishi vya ndani vitajazwa alama ya #, na kosa la kubahatisha litajitokeza kila mara.

Dawa yenyewe ni mstari = ' ' kabla ya kuweka chochote. Usiiweke kwenye tangazo la kigeu: ndani ya subroutine, thamani ya tangazo huwekwa mara moja tu, na mwito wa pili hukuta maandishi ya kwanza. Data ya Entebbe itaibukia Jinja.

Tumieni pia IOSTAT katika kila READ. Isiporudisha sifuri, msiiamini thamani iliyosomwa. Kabla ya wiki ijayo, tutakaposoma tarehe, pitieni kila CHARACTER katika programu zenu.