Daraja Likichakaa, Fedha Hutoka Wapi?

Wakazi wengi huuliza mbona daraja lao halikarabatiwi ilhali wanalipa ushuru kila wanaponunua mafuta. Ushuru wa matengenezo ya barabara, shilingi 25 kwa lita tangu Julai 2024, hukusanywa na serikali ya kitaifa, na mgao wa kaunti umezozaniwa hadi mahakamani. Si busara kuutegemea peke yake.

Madaraja ya barabara za kaunti ni jukumu la kaunti chini ya Katiba ya 2010. Fedha zake hupitia bajeti, na daraja lisilokuwemo katika Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, unaowasilishwa kwa Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1, huwa vigumu kulitengea pesa. Hazina ya dharura nayo ni ndogo: sheria hairuhusu malipo yake katika mwaka wa fedha yazidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti. Mafuriko yakibomoa madaraja kadhaa kwa mpigo, haitatosha.

Kwa hivyo msingoje lianguke. Mkiona msingi umechimbwa na maji, vyuma vimeshika kutu au kingo zimevunjika, mwarifuni msimamizi wa wadi mapema, kabla ya vikao vya maoni ya umma kuhusu mpango huo. Kuimarisha msingi kwa mawe na saruji ni nafuu mno kuliko kujenga daraja jipya.