Upandaji wa Mikindu katika Bustani za Nchi za Baridi



Watu wengi wakaao milimani hudhani kwamba miti yote ya jamii ya mnazi ni ya nchi za joto. Kwa baadhi ya miti hiyo neno hili ni kweli. Mnazi hutaka joto la pwani. Mchikichi husitawi Kigoma na nchi nyingine zenye joto na mvua. Mtende nao hutaka jua kali na hewa kavu ili matunda yake yaive vizuri. Lakini mkindu ni ndugu wa mtende asiyeogopa baridi. Huota pwani, huota kando ya mito ya bara, na huonekana hata milimani penye kimo cha mita 3,000, yaani karibu futi 10,000. Wataalamu huuita Phoenix reclinata. Neno la pili ni la Kilatini, na maana yake ni ulioinama.

KWA NINI UUPANDE

Makuti machanga ya mkindu hutoa ukindu, nao ukindu hutoa mikeka, vikapu, kofia na mifagio. Tangu zamani watu wameukata ukindu huo porini bila kupanda. Sasa vinamasi vingi vimekaushwa ili kulimwa mboga na kulisha ng'ombe, na mikindu iliyokuwamo imeng'olewa. Ile iliyobaki hukatwa na kila apitaye. Basi mama asukaye mikeka hana budi kwenda mbali, au kununua ukindu kwa fedha ambazo zingemnunulia mtoto daftari. Mwenye mikindu michache mpakani mwa shamba lake hana taabu hiyo.

TABIA YA MKINDU

Kabla ya kupanda, yafaa kuijua tabia ya mti huu, kwa sababu wengi huupoteza kwa kutoijua.

Mti kama mparachichi hunenepa shina mwaka kwa mwaka. Mkindu haufanyi hivyo. Shina lake likiisha kupanda juu halinenepi tena. Kwa hiyo lazima kwanza mti ujenge unene wa kitako chake chini, karibu na ardhi, ndipo shina lianze kwenda juu. Katika miaka hiyo ya kwanza mwenye bustani huona majani tu, naye husema, "Mti huu umekataa," kisha huung'oa. Kumbe mti haukukataa. Ulikuwa ukijenga msingi. Katika nchi za baridi kazi hii huchukua muda mrefu kuliko pwani. Mkindu utoao jani jipya la kijani kibichi ni mzima, hata kama haujaongeza urefu.

MAHALI PA KUPANDA

Chagua mahali penye jua na udongo wenye unyevu, kama vile ukingo wa mfereji, kando ya kijito, au mahali maji ya kuogea yanapomwagwa. Mkindu huvumilia udongo wenye maji mengi kuliko miti mingi ya bustani.

Katika nchi zenye sakitu, kama Kinangop huko Kenya au Makete huko Tanzania, usiupande chini kabisa bondeni. Hewa ya baridi ya usiku ni nzito. Huteremka mlimani kama maji na kutua bondeni. Mti mkubwa huweza kustahimili sakitu kidogo, lakini mche mchanga huungua majani. Panda mtelemkoni, na miaka ya kwanza ufunike mche kwa nyasi kavu usiku wa baridi kali.

Tena, usipande karibu na njia wala mahali watoto wanapochezea. Vijani vya chini vya kila kuti ni miiba mirefu yenye ncha kali. Katika mpaka wa shamba miiba hiyo ni faida, maana huzuia wanyama.

MBEGU

Okota matunda yaliyoiva, yenye rangi ya machungwa au hudhurungi. Ondoa nyama yote ya tunda, kisha loweka kokwa katika maji siku mbili. Usizihifadhi muda mrefu. Mbegu mbichi ndizo bora.

Tumia makopo marefu yaliyotobolewa chini, kwa sababu mzizi wa kwanza huenda chini moja kwa moja kabla jani halijaonekana. Zika kokwa kwa kina cha nusu inchi, uweke makopo mahali penye joto, na udongo uwe na unyevu daima. Ngoja miezi miwili, mitatu au zaidi. Usifukue ili kutazama, maana utauvunja mzizi.

Hapa pana hatari kubwa. Jani la kwanza halifanani na kuti la mkindu. Ni jembamba na refu, mfano wa jani la nyasi. Miche mingi hung'olewa na mpaliliaji asiyejua. Weka kijiti kando ya kila mche, na uwaonyeshe watoto na wote wanaopalilia.

MACHIPUKIZI

Mkindu mkubwa hutoa machipukizi kitakoni. Waweza kutenga chipukizi wakati wa mvua, mradi liwe na mizizi yake lenyewe. Kata kwa panga kali, punguza majani nusu, ulipande siku ile ile, na kulitilia kivuli mpaka litoe jani jipya.

Jua kwamba mikindu mingine ni ya kiume na mingine ya kike, na ya kike peke yake ndiyo izaayo matunda. Mche wa mbegu haujulikani mpaka utoe maua. Chipukizi hufuata mama yake. Kwa ukindu, yote ni sawa. Atakaye mbegu na apande miche kadhaa pamoja, ili apate ya namna zote mbili.

KUPANDA NA KUTUNZA

Mche ukiwa na majani manne au matano, uhamishe mwanzo wa mvua za masika. Chimba shimo la futi mbili kila upande, uchanganye udongo na samadi iliyooza vizuri. Acha hatua sita kati ya mti na mti. Usizike moyo wa mche; ukifunikwa na udongo huoza. Zungushia boma la miiba, kwa kuwa mbuzi na ng'ombe hupenda majani machanga. Palilia, tandaza nyasi kavu, na uzuie moto wa nyika.

KUVUNA BILA KUUA

Kila shina lina moyo mmoja tu, ambao watu wa pwani huuita shaha. Humo ndimo majani yote hutoka. Ukikatwa, kwa kuliwa au kwa kugema tembo, shina hilo halitachipua tena, litakufa. Machipukizi ya kando huweza kubaki, lakini itakubidi ungoje upya miaka ile yote uliyokwisha kungoja.

Kwa hiyo shika sheria hii: kata kuti changa moja tu katika shina moja, kisha liache shina hilo mpaka makuti mengine yafunguke. Majani ya kijani ndiyo yanayoupikia mti chakula. Atwaaye makuti machanga yote kwa mara moja huuacha mti na njaa, na mwaka ufuatao atapata ukindu mfupi na haba. Usianze kuvuna katika mche ambao bado haujatoa shina.

Mkindu hautakupa kitu upesi. Lakini ukiisha kusimama, shina moja likizeeka jingine hulifuata, na wajukuu wako watakata ukindu mahali ulipopanda wewe. Anza kwa makopo machache msimu huu. Mwenye shaka juu ya mahali au mbegu na amwulize Bwana Shamba wa eneo lake.