Kwa Nini Kuku Hupeleka Kichwa Mbele

Kila mkulima amemwona kuku akitembea uani: kichwa chaenda mbele, kisha chaonekana kurudi nyuma. Wataalamu wameuchunguza mwendo huo, na waliyoyaona yafaa kujulikana na kila mwenye kuku.

Kwanza, kichwa hakirudi nyuma. Kuku hukisukuma mbele, kisha hukituliza pale pale mpaka mwili ukifikie. Macho ya watu huzunguka kwa urahisi; ya kuku hayazunguki sana, kwa hiyo hutumia shingo ili aone sawasawa. Mwaka 1978 huko Canada, mtaalamu Barrie Frost aliwatembeza njiwa juu ya ukanda wa mashini uliowarudisha nyuma kadiri walivyokwenda. Kwa kuwa vitu havikupita machoni mwao, waliacha kupeleka vichwa. Basi ikajulikana kwamba jambo hilo huongozwa na macho, wala si miguu.

Pili, ndani ya kila sikio, la mtu na la kuku, mna mirija mitatu midogo yenye maji. Kichwa kikigeuka, mirija hiyo huuarifu ubongo. Jaribu mwenyewe: litikise gazeti hili upesi kushoto na kulia, hutaweza kulisoma. Sasa lishike limetulia, utikise kichwa kwa kasi ile ile, utalisoma. Sikio limeyaongoza macho yageuke upande wa pili. Katika miaka ya 1820 Mfaransa Pierre Flourens aliikata mirija hiyo katika njiwa, na vichwa vyao vikayumba ovyo.

Faida yetu ni nini? Kichwa cha kuku kikitulia na kwenda sawa, ni dalili ya uzima. Shingo ikijipinda, au kuku akizunguka mahali pamoja, ujue pana madhara katika sikio, mishipa ya fahamu au ubongo. Pengine sababu ni upungufu wa vitamini katika chakula. Lakini ikiwa pia kuku wanahema kwa shida, wanaharisha kijani na kufa wengi kwa siku chache, yaelekea ni ugonjwa wa Newcastle, ambao wengine huuita kideri. Ugonjwa huo hauna dawa, nao waweza kumaliza kuku wote wa boma.

Basi fanya hivi:

1. Watenge wagonjwa mara moja, umwarifu Bwana Mifugo.
2. Usiuze kuku wagonjwa sokoni, wala usimpe jirani. Hivyo ndivyo ugonjwa unavyosafiri.
3. Mizoga ichomwe au ifukiwe chini sana.
4. Kuku wazima wapewe chanjo kabla ugonjwa haujaingia, na irudiwe kwa wakati utakaoelezwa.

Asubuhi unapofungua banda, simama kidogo uvitazame vichwa kabla ya kumwaga chakula. Kazi hiyo haina gharama, nayo yaweza kukuokolea ada ya shule ya watoto.