Injini Mpya, Difu ya Zamani

Land Rover Series III, iliyoundwa kuanzia 1971 hadi 1985, ikifungwa injini ya kisasa huvuta vizuri kuliko ilivyovuta ilipotoka kiwandani. Ikishaingia lami, raha huisha. Kufika kilometa 80 kwa saa injini inalia, namba nne imeshaingia, na hakuna gia nyingine ya kupandisha. Pampu itafunguliwa bure na fundi atalaumiwa bure, kwa sababu tatizo liko ndani ya difu.

Difu ya kiwandani ina uwiano wa 4.7, maana yake propela huzunguka mara 4.7 ili tairi lizunguke mara moja. Waliolichora gari hili hawakukosea: walikuwa na injini ya petroli ya lita 2.25 isiyo na ubavu mwingi, na kazi yake ilikuwa mashamba na matope. Sasa piga hesabu. Tairi la 7.50-16 husogeza gari kama mita 2.45 kila linapozunguka, hivyo kwa mwendo wa 80 huzunguka mara 544 kwa dakika. Zidisha kwa 4.7, kisha kwa 1.15, uwiano wa transifa, unapata karibu mizunguko 2,940 ya injini. Injini mpya kama dizeli ya 200Tdi, iliyokuja na Discovery ya 1989, hutoa nguvu yake kubwa ya kuvuta, Nm 265, ikiwa kwenye mizunguko 1,800 tu.

Dawa iliyozoeleka ni difu ya 3.54 kutoka Range Rover ya zamani au Discovery. Kwa mwendo uleule, injini hushuka hadi mizunguko kama 2,200. Kampuni haikuacha muundo wa ekseli yake, kwa hiyo kichwa cha difu huingia kwenye nyumba ileile: unachomoa haf-shafti kidogo kila upande, unafungua propela, unalegeza nati za mzunguko, unakivuta kuelekea upande wa propela. Ni kizito, usikivute peke yako. Kabla hujalipa, hesabu meno ya ndani inapoingia haf-shafti. Za Series zina meno 10. Difu za miaka ya tisini mara nyingi zina 24, na haziingiliani hata ukitumia nyundo. Mwenye Series ndefu, yaani 109, ya miaka ya mwisho aangalie zaidi, kwani nyuma ana ekseli ya Salisbury, na hiyo haifunguki kwa njia hii.

Kosa baya kuliko yote ni kubadili nyuma tu. Series haina difu ya katikati, kwa hiyo ukiweka four-wheel propela ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja. Mbele 4.7, nyuma 3.54: matairi yanavutana, na kwenye ardhi ngumu kitu kitakatika. Difu hununuliwa mbili.

Halafu kuna spidomita. Inasoma mzunguko kutoka kwenye transifa, haijui kilichotokea kwenye ekseli. Ikikuonyesha 50, unakwenda 66, na askari mwenye tochi hatasikiliza habari za uwiano.

Kinachofurahisha ni upande wa haf-shafti, ambazo katika Series zina sifa mbaya ya kukatika. Kwa injini ileile, difu ya 3.54 huzifikishia msokoto pungufu kwa robo. Robo hiyohiyo unaipoteza kwenye mlima wa tope, na kwa gari linaloishi porini mimi ningebaki na 4.7 nikavumilia kelele.

Kuna jambo moja mafundi wengi hulisahau. Breki ya mkono ya Series hushika propela nyuma ya transifa, haishiki magurudumu, na difu ndiyo inayoikuzia nguvu. Ukiweka 3.54, mshiko nao umepungua kwa robo. Kaza breki hiyo siku ileile unayofunga difu, na ukiegesha mteremkoni weka jiwe.