Uvimbe wa Mikono ya Watoto na Sababu Yake

Huku kwetu Nkoma, na katika nchi yote iliyo kati ya Bariadi na ziwa, kuna jambo ambalo akina mama huliona kabla ya daktari yeyote kuwaambia. Mtoto amezaliwa mzima, amenyonya vema, amenenepa. Akifika miezi sita au minane, asubuhi moja huamka akilia, na mamaye akimshika mkono huona vidole vimevimba kana kwamba ameumwa na nyuki. Pengine ni miguu yote miwili. Hakuanguka, wala hakuna alama ya mdudu. Uvimbe hukaa siku kadha wa kadha, kisha hupungua wenyewe. Jirani mmoja husema, "Ni meno hayo." Wa pili husema ni baridi. Wa tatu hasemi neno, lakini humtazama mke mwenziwe.

Twapenda leo kuwaeleza wasomaji wetu, hasa wazee wa vijiji na waalimu ambao watu huwaendea kuomba shauri, kwamba uvimbe wa namna hiyo mara nyingi una jina na una sababu, na sababu yake imo ndani ya damu ya mtoto mwenyewe. Ni ugonjwa uitwao selimundu, au sikoseli kama wengi wasemavyo hospitalini. Vitabu vya utabibu vya Ulaya huuhesabu miongoni mwa magonjwa ya nadra ya kurithi. Kwetu si nadra. Katika hesabu iliyotangazwa mwaka 2020, watoto wachanga wapatao 17,000 wa mikoa ya kaskazini-magharibi ya Tanzania walipimwa damu. Ikaonekana kwamba mtoto 1 katika kila 5 amebeba mbegu ya ugonjwa huu, na zaidi kidogo ya mtoto 1 katika kila 100 anao ugonjwa wenyewe. Kwa Tanzania nzima hukadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka.

Damu ya mtu ina chembe nyekundu nyingi mno, ndogo hata jicho haliwezi kuziona. Kila moja ni ya mviringo na laini, kama kitumbua kilichobonyezwa katikati, na kazi yake ni kuchukua hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini kote. Kitu kichukuacho hewa hiyo ndani ya chembe huitwa hemoglobini. Kwa mgonjwa wa selimundu, hemoglobini ikiisha kuitua hewa yake, hushikana yenyewe kwa yenyewe na kuwa kama fito ndefu, nazo fito hizo huikunja chembe mpaka ikawa na umbo la mundu wa kukatia majani. Hapo ndipo jina lilipotoka. Chembe ya mviringo hupita katika mishipa myembamba bila taabu. Mundu hukwama, na mingine huja nyuma yake ikakwama vilevile, kama matawi yazibavyo mfereji wakati wa masika. Nyama na mifupa iliyo mbele ya kizuizi hukosa hewa, na maumivu yake ni makali kupita kiasi. Vidole vya mtoto mchanga huvimba kwa sababu hiyo.

Tena chembe hizo hazidumu. Chembe nzuri huishi siku zipatazo 120. Ya mundu huvunjika baada ya siku 10 hadi 20, na mwili hauwezi kuzitengeneza upesi kama zivunjikavyo. Basi mtoto hukosa damu, viganja na ulimi hupauka, macho huwa ya manjano, na mkojo huwa wa rangi iliyokolea. Watu husema ana homa ya manjano au ini, wakampa dawa ya mizizi; lakini umanjano ule ni rangi ya damu iliyovunjika.

Wengine watauliza, kama ugonjwa ni wa kuzaliwa nao, mbona mtoto alikuwa mzima miezi yote ile? Jibu ni kwamba mtoto tumboni ana hemoglobini ya namna nyingine, isiyokunjika, naye huzaliwa nayo. Hupungua kidogo kidogo, na yapata mwezi wa sita nafasi yake imekwisha kuchukuliwa na ile ya ukubwani. Basi ugonjwa hutokea wakati uleule mtoto aanzapo kuota meno, kukaa, na kuchukuliwa kwa watu kutazamwa. Si ajabu watu wakadhani kwamba kuna jicho lililomtazama vibaya.

Sasa twaja kwenye neno lililotufanya tushike kalamu. Tumekaa katika mabaraza ambapo mume adai kurudishiwa ng'ombe wake wa mahari, kwa kuwa mkewe amezaa watoto wanne na watatu wamekufa, wote kwa dalili moja. Naye huleta ushahidi unaoonekana kuwa hauna jibu: ameoa mke wa pili, na watoto wa mke wa pili ni wazima kabisa. Wazee hutikisa vichwa. Mke wa kwanza hurudi kwao na jina la uchawi juu yake, au jina la tumbo baya, ambalo si jepesi zaidi.

Hatuwalaumu wazee. Waliona jambo la kweli, kwamba katika nyumba moja watoto hufa mfululizo na katika nyumba ya pili hawafi. Hawakujua tu mlango ambao mauti yamepitia. Mwalimu aweza kuuonyesha mlango huo darasani kwa vitu tulivyo navyo. Na achukue vibuyu viwili, kimoja kiwe baba na kimoja kiwe mama. Katika kila kibuyu atie punje moja ya choroko na punje moja ya dengu. Choroko ni mbegu nzima. Dengu ni mbegu ya mundu. Kila mtu ana mbegu mbili za namna hii, moja ya baba yake na moja ya mama yake, naye humpa kila mtoto wake moja tu kati ya hizo mbili. Mwanafunzi na afumbe macho, atoe punje moja katika kila kibuyu, aandike alichopata, azirudishe, atikise, atoe tena. Akifanya hivyo mara nyingi ataona kwamba, kwa kadiri, mara 1 katika 4 hutoka choroko mbili: huyo ni mtoto mzima kabisa. Mara 2 katika 4 hutoka choroko na dengu: huyo amebeba mbegu lakini haugui, hulima, huzaa, na kwa kawaida huishi bila kujua. Mara 1 katika 4 hutoka dengu mbili. Huyo ndiye mgonjwa.

Tazameni basi: dengu mbili haziwezi kutoka katika kibuyu kimoja. Moja imetoka kwa mama na moja imetoka kwa baba, kila mara. Yule mume anayemshitaki mkewe amebeba mbegu ileile aliyobeba mkewe. Na ule ushahidi wake wa mke wa pili? Hebu mwalimu na aondoe dengu katika kibuyu cha mama, atie choroko mbili, aanze tena. Hata akitoa mara mia, hatapata dengu mbili. Kati ya watu 5 wa nchi hii, 4 hawana mbegu. Basi mume huyo akioa tena, yaelekea sana kwamba atampata mke asiyeibeba, na watoto watakuwa wazima, ingawa nusu yao huenda wakaibeba mbegu ya baba yao. Vivyo hivyo mke aliyefukuzwa akiolewa na mtu mwingine huzaa watoto wazima. Tumeona hayo pia, ila katika mabaraza hakuna aliyerudi kuyataja.

Jambo jingine la vibuyu: punje hazikumbuki. Wako wasemao, "Mmoja ameugua, basi watatu wafuatao watapona." Sivyo. Kila mimba ni kutoa upya.

Mtu aweza kuuliza kwa nini mbegu mbaya hivi ikakaa kwetu kwa wingi. Katika vitabu vya utabibu ugonjwa huu uliandikwa kwanza mwaka 1910, na daktari James Herrick wa Chicago, aliyemtibu mwanafunzi mmoja wa kisiwa cha Grenada. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba kosa limo katika hemoglobini yenyewe. Mwaka huohuo Lehmann na Raper waliwapima watu wa makabila ya Uganda, wakaona kwamba kwa Waamba wa Bwamba, chini ya milima ya Ruwenzori, karibu watu 45 katika kila 100 wameibeba mbegu, na makabila mengine ni wachache sana. Aliyefumbua fumbo ni Anthony Allison, aliyekulia Kenya. Aliona kwamba mbegu ni nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, penye mbu wengi, na ni chache katika nchi za juu zenye baridi. Na mwaka 1954 akatangaza kwamba mwenye choroko moja na dengu moja hukingwa na malaria kali. Katika nchi ya malaria, watoto wa namna hiyo walipona wakati wenzao walipokufa, nao wakarithisha. Basi dengu ilikuwa ngao ya babu zetu. Lakini angalieni sana: ngao hiyo ni ya aliyebeba mbegu moja. Mtoto mwenye dengu mbili malaria humwua upesi kuliko wote, nawe usimlaze bila chandarua hata usiku mmoja.

Zamani, mahali pasipokuwa na matunzo, nusu ya watoto hawa au zaidi walikufa kabla ya kutimiza miaka 5, na wengi hawakujulikana waliugua nini. Tena wauaji wakubwa ni wale ambao huweza kuzuiwa. Wa kwanza ni homa za vijidudu vya damu na vichomi, kwa maana wengu wa mtoto huyu, ambao ni mlinzi wa damu, huharibika mapema. Ndiyo sababu madaktari humpa penisilini kila siku tangu uchanga mpaka atimize miaka 5, pamoja na chanjo zote. Mwaka 1986 ilithibitishwa huko Marekani kwamba penisilini hiyo hupunguza sana homa hizo za vijidudu. Homa kwa mtoto huyu haingoji kesho. Wa pili ni wengu wenyewe, ambao pengine hujaa damu ghafula, tumbo likavimba upande wa kushoto na mtoto akapauka na kulegea katika saa chache. Mama na afundishwe kuupapasa kila siku, chini ya mbavu za kushoto, apate kujua ukikua. Kuchanja chale juu ya wengu, au juu ya mikono iliyovimba, hakumtoi mtoto ugonjwa. Humtoa damu, naye hana damu ya kupoteza, na wembe huweza kumtia vijidudu. Wa tatu hutokea mtoto akiisha kukua kidogo: mdomo ukienda upande, au mkono mmoja ukikosa nguvu, damu imezibwa ubongoni, na hapo kila saa ina thamani.

Kupima ni tone la damu. Lakini kuna kipimo cha zamani cha kioo kinachoonyesha tu kwamba mundu umo, kisichoweza kutofautisha aliyebeba mbegu na mgonjwa. Basi mzazi akiambiwa "mundu umeonekana" na aulize kama ni dengu moja au mbili, naye ataelekezwa kwenye kipimo cha pili. Hospitali ya Bugando, Mwanza, ina kliniki ya ugonjwa huu, na kutoka kwetu njia ni kwa Bariadi, Lamadi na Magu. Dawa iitwayo haidroksiyurea, ambayo huurudishia mwili ile hemoglobini ya tumboni, ilijaribiwa kwa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, na habari zake zikatolewa mwaka 2019: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, hata malaria na vifo vilipungua. Haiuzwi kwa kubahatisha dukani. Yataka damu ipimwe mara kwa mara na wenye kujua.

Neno la mwisho ni kwa waalimu. Figo za mtoto huyu haziwezi kubana mkojo, basi huomba ruhusa ya kutoka mara nyingi, na usiku hukojoa kitandani ingawa amekuwa mkubwa. Msimwite mvivu wala mjanja, wala msimkataze maji, kwa sababu maji ndiyo yanayoilegeza damu yake. Na awe na chupa yake karibu naye darasani. Asishindanishwe mbio mchana wa jua kali, asitumwe lamboni kuchota maji asubuhi ya baridi, na akinyeshewa abadili nguo. Akisema mifupa yamwuma, yamwuma kweli, hata kama jana alicheza. Na akikosa shule wiki nzima, mwalimu na apeleke mtu nyumbani kuuliza kama ana homa.