Mnyama Anayekula Jua

Miaka milioni 200 ijayo mabara yote yamegongana yakawa bara moja, na katikati yake limetanda jangwa. Katika vidimbwi vya jangwa hilo anaishi mnyoo mwenye matawi ya kijani. Hutoka pangoni, akayatandaza juani, akatulia. Ni kiumbe wa kubuni, kutoka The Future Is Wild, mfululizo wa televisheni wa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Miongoni mwa walioushughulikia ni Dougal Dixon, Mskoti aliyewahi kubuni wanyama wa kesho katika kitabu chake After Man cha 1981.

Nduguye wa kweli yupo leo. Maji yakipwa huko Roscoff, Ufaransa, mchanga hugeuka kijani kwa minyoo wa milimita chache tu. Mtoto wa mnyoo huyo huanguliwa bila rangi. Humeza mwani wa chembe moja, lakini hausagi; mwani huhamia mwilini mwake, ukatengeneza sukari kwa mwanga na kumlisha. Akikomaa, huacha kabisa kula. Maji yakianza kujaa, huzama mchangani asisombwe na mawimbi. Mwingereza Frederick Keeble aliandika kitabu kuwahusu mwaka 1910.

Mbona basi hakuna ng'ombe wa kijani? Hesabu inakataa. Mimea mingi hugeuza kuwa chakula sehemu ndogo sana ya mwanga inaoupata, na mnyama anayetembea na kutunza joto la mwili hutumia nguvu nyingi mno. Hata ngozi yake yote ingekuwa jani, angekufa njaa. Ndiyo maana ng'ombe anahitaji malisho mapana.

Kwa hiyo mbunifu anayempa ukijani mnyama wa mbio amekosea. Mnyoo wa jangwani anaaminika kwa sababu amejitandaza, hana papara, na maji yanamkinga asikauke.

Lakini kumtegemea mpangaji wa mwilini kuna hatari. Matumbawe nayo hulishwa na mwani ulio ndani yake. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe ya pwani ya Kenya na Tanzania yaliutoa mwani wake, yakapauka, na mengi yakafa. Yaliyosalimika yalikuwa bado na minyiri ya kunasia vijidudu majini. Mnyoo wa Roscoff aliyekomaa hana akiba hiyo: akikosa mwani wake, hana chakula kingine.