Mkongwe Aliyevunjika Nyonga Asilazwe Akasahaulika

Ajuza wa miaka 80 huamka usiku wa manane kwenda msalani. Taa hana, kizingiti hakioni, akajikwaa. Barobaro angejipangusa vumbi na kwenda zake. Kwa mkongwe, shingo ya mfupa wa paja hukatika pale nyongani, mguu ukafupika na wayo ukageukia nje. Jamaa humwinua, wakamlaza kitandani, wakamkanda kwa maji moto, na kauli inayosikika kila pembe ya boma ikawa moja: mwacheni nyanya apumzike.

Ni kauli ya huruma, lakini ndiyo ninayoilaumu leo.

Uzee hupunguza uzani wa mifupa, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi, hata mfupa ukawa kama mti ulioliwa na mchwa: nje mzima, ndani matundu matupu. Fauka ya hayo, mvunjiko wa mahali hapo mara nyingi hukata mishipa ya damu inayolisha kichwa cha mfupa. Ndiyo sababu hauungi kwa kukandwa wala kwa kufungwa vibanzi. Aghalabu huhitaji upasuaji. Daktari wa mifupa akaukaza kwa vyuma, au akakitoa kichwa hicho na kutia cha bandia. Mgonjwa anapoendelea kulala, mapafu hujaa makohozi na nimonia ikaingia, damu huganda miguuni, vidonda hufumuka makalioni, na misuli hunyauka. Tafiti za Ulaya na Marekani zimeonyesha kwamba takriban mtu 1 kati ya 4 au 5 huaga dunia kabla ya mwaka kutimia, na miongoni mwa wanaosalia, karibu nusu hawarejei kutembea kama hapo awali.

Nchini Uingereza, mwongozo uliotolewa mwaka wa 2011 unataka mgonjwa apasuliwe siku ile afikapo hospitalini au inayofuata, kisha asimamishwe kesho yake. Naam, kesho yake! Kwetu siku hizo hupotea jamaa wakichanga fedha, na wengine wakinong'onezana kama kuna haja ya kuuza ng'ombe kwa ajili ya mtu aliyekwisha kula chumvi nyingi. Wanaonong'ona hivyo na wasome Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010, kinachompa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa yake pamoja na Serikali.

Hata hivyo, kuponea chupuchupu si kupona. Mwaka wa 2000, watafiti wa Australia walichapisha majibu ya wanawake 194 wenye umri wa miaka 75 au zaidi. Asilimia 80 kati yao waliona heri kufa kuliko kuvunjika nyonga vibaya na kuishia katika makao ya wazee. Nadhani kilichowatisha zaidi si maumivu. Ni kuoshwa na mtu mwingine, kuomba kupelekwa chooni, kuketi pale walipowekwa. Picha ya eksirei huweza kuonyesha mfupa uliounga barabara, ilhali mwenyewe haendi tena kanisani wala msikitini, hateki hata kikombe cha maji, na kila akisimama moyo humwenda mbio kwa hofu ya kuanguka tena. Hofu hiyo peke yake humrudisha kitandani.

Kwa hivyo kazi kubwa huanza mgonjwa akisharudi nyumbani, na sehemu kubwa ya nafuu hupatikana katika miezi 6 ya kwanza. Chakula chake kisiwe uji mtupu. Apewe maharagwe, mayai, maziwa na samaki, maana misuli haijengwi kwa sukari. Akiweweseka baada ya upasuaji, asidhaniwe amerogwa wala amerukwa na akili. Hali hiyo huwapata wazee wengi na aghalabu hupita. Kisha kuna choo cha shimo, jambo ambalo waandishi wa miongozo ya ng'ambo hawakulifikiria. Aliyetiwa nyonga ya bandia mara nyingi hukatazwa kuchuchumaa, hasa miezi ya kwanza. Seremala yeyote wa kijijini anaweza kuunda kiti chenye tundu cha kuwekwa juu ya shimo, pamoja na upau wa kushikilia ukutani.

Nawaomba walimu wawaeleze haya wanafunzi kabla ya likizo, kwa kuwa wao ndio watakaoachiwa nyanya na babu watu wazima wakienda shambani. Mwanafunzi asimletee nyanya kila kitu kitandani kwa kudhani ndiyo adabu. Amshike mkono, watembee kama daktari alivyoagiza. Juma la kwanza huenda wakafika mlangoni tu. La pili, chini ya mwembe. Na mwezi wa tatu labda hadi kwa jirani, mkongojo mkononi, akanywe chai na kusikia habari za mtaa mwenyewe.